Shika daftari, usishike kalamu

Hotuba kwa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili, Leicester, Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2025

Shikamooni wazee wetu. Asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu, jambo. Itifaki wameshaizingatia walionitangulia, naomba nipite humo humo nisije nikawachelewesha chakula.

Nianze na tiketi. Mwenye mtoto anayemaliza A-level, yaani kidato cha sita cha hapa, mwaka ujao anyooshe mkono. Haya, ni wengi, ahsanteni. Sasa ibaki mikono ya waliokwisha kata tiketi za kwenda nyumbani mwezi Juni, kwa kuwa za Juni ni nafuu kuliko za Julai. Naiona minne. Mmoja ni wa shemeji yangu, na tulikula naye jana usiku hakusema kitu.

Ratiba ya mtoto inaweza kuonyesha kwamba karatasi yake ya mwisho ni katikati ya Juni, ukajiambia amemaliza. Hajamaliza. Bodi za mitihani zimeweka Jumatano ya tarehe 24 Juni 2026 kuwa siku ya akiba, ili karatasi ikivurugika nchi nzima ipate pa kufanyikia. Mpaka siku hiyo ipite, mtoto anatakiwa awe hapa. Na matokeo yatatoka Alhamisi, tarehe 13 Agosti. Siku hiyo pia awe hapa, na wewe uwe hapa, simu ikiwa na chaji.

Siongei kwa kubahatisha. Miaka michache nyuma nilikuwa kwenye harusi Mombasa, mwezi huo huo wa Agosti. Kulikuwa na binti mmoja, mzaliwa wa hapa Uingereza, amekwenda na wazazi wake. Matokeo hutoka saa 2 asubuhi ya hapa, kwa hiyo kule ilikuwa saa 4, na wasichana walikuwa wameshakaa kupakwa hina. Akaomba afunguliwe simu. Amekosa. Chuo cha kwanza kimemwacha, cha pili nacho kimemwacha. Mama yake, mwanamke jasiri kweli, akachukua simu akaanza kupigia vyuo yeye. Aliyepokea akamwambia kwa adabu zote kwamba atazungumza na mwombaji mwenyewe. Basi yule binti akahojiwa kuhusu alama zake za hesabu huku mikono yote miwili ina hina mbichi, binamu yake amemshikia simu sikioni, na nyuma yao sufuria zinagongana. Mtandao ulikatika mara tatu. Nafasi aliyoikuta asubuhi ilipofika alasiri haikuwapo tena. Alipata nyingine, akasoma, amemaliza, msihuzunike. Lakini tangu siku ile nimejiapiza kwamba kila nikipewa kipaza sauti nitaanza na tiketi.

Hiyo shughuli ya kupiga simu inaitwa Clearing. Wale wa Dar na Mombasa msichanganye na ile ya bandarini, ingawa presha ni ileile. Ni dirisha linalofunguliwa mwanzoni mwa Julai ambamo vyuo hujaza nafasi zilizobaki, na asubuhi ya matokeo ndipo linapojaa watu. Hakuna aibu ndani yake. Wapo wanaoingia humo wakapata kozi nzuri kuliko waliyoikosa. Kinachotakiwa ni mtoto aliyelala vizuri, karatasi yenye namba za simu alizoziandaa siku mbili tatu kabla, na mzazi aliyekaa karibu asiyepiga kelele.

Sasa tuelewane jambo moja ambalo linatutatiza sana sisi tuliosoma nyumbani. Mimi nimemaliza kidato cha sita Tanzania. Tulifanya mtihani, tukasubiri, matokeo yakatoka, divisheni yako ikabandikwa kila mtu aione (siku hizi iko kwenye intaneti, jirani anaijua kabla ya baba yako), halafu ndipo ukaomba chuo ukijua umeshika nini mkononi. Ndugu zetu wa Congo wana Exetat yao, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, nao husubiri asilimia kwanza. Wakenya waliosoma 8-4-4 hawakuwa hata na kidato cha tano.

Hapa mtoto anaomba chuo kabla hajafanya mtihani. Anaomba kwa alama ambazo walimu wake wanakadiria kwamba atapata. Na walimu wanakadiria kutokana na nini? Kutokana na kazi za darasa la 12, yaani mwaka wa kwanza wa A-level, na mitihani ya majaribio, moko, ambayo wewe nyumbani unaiita "moko tu". Mwezi Juni mtoto wa darasa la 12 anakuambia ana moko, unamwambia kesho tunakwenda Birmingham kwenye arusi ya fulani. Moko ile ndiyo inayoamua Septemba aombe chuo gani. Nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wanafunzi wa kidato cha sita kwa miaka 11, na wazazi wa kwetu wanaokuja ofisini kwa kishindo huja Novemba, makadirio yakishatumwa. Njooni Juni. Juni hata chai mtapewa.

Maombi yanapitia UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo vikuu, na nafasi za kuchagua ni tano. Mwisho kwa kozi nyingi ni tarehe 14 Januari 2026, saa 12 jioni, ila shule nyingi hujiwekea mwisho wao wa mapema zaidi, kwa sababu mwalimu naye lazima aandike barua yake. Kwa wanaotaka Oxford, Cambridge, udaktari wa binadamu, wa meno au wa mifugo, mwisho ni tarehe 15 mwezi huu. Zimebaki siku 11. Oxford na Cambridge huombi zote mbili mwaka mmoja. Udaktari unaruhusiwa nafasi nne kati ya tano, ya tano unaweka kitu kingine. Na kuna mtihani wa UCAT, wa kuwapima waombaji wa udaktari, ambao hufanywa majira ya kiangazi. Kama mtoto wako anataka udaktari na hakuufanya, basi kwa vyuo vinavyoudai, mwaka huu umepita. Nasema wazi hivi kwa sababu mwaka jana kuna baba alinibishia mpaka walinzi wakatutazama.

Vyuo vikishajibu, mtoto anabakiza viwili: cha kwanza na cha akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii ya UCAS inaoza. Inaoza pale mtoto anapochagua cha kwanza kinachotaka A mbili na B moja, halafu cha akiba nacho kinataka A mbili na B moja. Akikosa kimoja amekosa vyote, akiba iko wapi hapo? Cha akiba kiwe kinadai alama za chini, na kiwe chuo ambacho yuko radhi kweli kwenda. Kosa hili naliona kila mwaka, na mara nyingi nyuma yake yupo mzazi aliyetaka majina mawili makubwa ya kutaja kwenye kundi la WhatsApp.

Kuna maelezo binafsi pia, ambayo mtoto huyaandika kwenye maombi yake. Kwa wanaoingia 2026 muundo umebadilika. Zamani ilikuwa insha moja ndefu, sasa ni maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, na kila jibu lisipungue 350. Hapa ndipo nawaomba kina baba, hasa wale wenye shahada mbili. Usishike kalamu. Nimesoma maelezo ya kijana wa miaka 17 yaliyosema ana uzoefu wa muda mrefu katika kuratibu wadau. Wadau gani, baba? UCAS wana programu ya kulinganisha maandishi, hiyo ni moja. Jingine ni kwamba mtoto akiitwa kwenye usaili ataulizwa aliyoyaandika, na atakaa kule kama amevaa koti la mtu.

Wewe msimulie. Wengi wa watoto hawa hawajui kwamba wana cha kuandika. Binti anayefuatana na bibi yake hospitalini kila mwezi kumtafsiria daktari maneno, anaandika "sina uzoefu wowote". Kijana aliyesaidia duka la mjomba kuanzia hesabu mpaka mteja mkorofi, anaandika kwamba anapenda mpira. Mzazi ndiye anayeyakumbuka haya. Yataje, mwache ayaandike kwa Kiingereza chake mwenyewe.

Nije kwenye lile jambo ambalo mnalisubiri niliguse. Udaktari.

Mimi ni mkosaji katika hili. Binti yangu wa kwanza alipofika miaka 16 nilimchagulia masomo matatu: kemia, biolojia, hesabu. Simlaumu mtu mwingine wala mfumo, mimi mwenyewe nilikaa naye mezani nikamwandikia. Alikuwa anataka historia. Nilimwambia historia utaisoma ukiwa na kazi. Mwaka wa kwanza ulipoisha alipata E ya kemia, na ile kemia nilimlipia tuisheni kila Jumamosi. Alikuwa anaenda tuisheni, anarudi, anasema imekwenda vizuri. Siku moja nikakuta daftari lake la kemia. Kurasa nzima alikuwa amechora mikono. Mikono tu, ya kila namna, imekunja ngumi, imefunguka, imeshika kitu. Nilikaa pale kitandani kwake sijui kwa muda gani.

Tulikwenda shuleni, akarudia darasa la 12 kwa masomo mengine. Aliumia kuachwa na wenzake, na mimi nilipata maneno yangu kwa watu. Leo anafanya kazi ya makumbusho na ana furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo katika umri wake. Sisemi historia ni bora kuliko kemia. Wapo watoto humu wanaoota udaktari tangu chekechea, na hao tuwabebe. Nasema tu kwamba swali "unataka kuwa nani" tulilijibu sisi zamani sana, kwenye foleni za uhamiaji, kabla watoto hawajazaliwa. Tulipata shida tukasema mwanangu atakuwa daktari. Deni lile ni letu, wao hawajui hata tulikopa lini.

Kinachotakiwa katika umri wa miaka 16 ni kujua milango ipi inajifunga. Udaktari, vyuo vingi vinadai kemia. Uhandisi unadai hesabu, na mara nyingi fizikia. Uchumi katika vyuo vikubwa unadai hesabu. Sheria haidai somo maalumu, wanaingia watu wa historia, wa lugha, hata wa hesabu, na mtu anaweza kusoma shahada nyingine kabisa kisha akageukia uwakili baadaye. Wazazi wengi hawalijui hilo. Basi kazi yenu ni kumuuliza mtoto: somo hili ukiliacha, unafunga mlango gani, na je, umeukubali? Akijibu akiwa na akili zake, mwacheni.

Kuhusu njia nyingine nitapita haraka, maana mwalimu wa chuo cha ufundi atazungumza baada yangu. T Level ilianza 2020, ni kozi moja yenye uzito wa A-level tatu, na ndani yake mna kazi halisi mahali pa kazi isiyopungua saa 315. Na kuna uanagenzi wa shahada: mtoto anaajiriwa, analipwa mshahara, anasoma shahada, hadaiwi ada. Tunaudharau kwa sababu neno uanagenzi tunaliona kama fundi baiskeli. Ushindani wake katika baadhi ya kampuni ni mkali kuliko wa kuingia chuo kikuu. Ukimkuta kijana aliyepata nafasi hiyo, mpe mkono.

Sasa, daftari.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na kina mama: mimi sikusoma, Kiingereza changu ni cha dukani, nitamsaidiaje mtoto wa A-level? Nami huwauliza, mlisoma chuoni? Namaanisha chuo cha Kurani, madrasa. Wengi wamesoma, na waliokwenda mafundisho ya kipaimara wanajua jambo linalofanana nalo. Mwalimu alikuwa anafanya nini? Alikuwa na msahafu mkononi, wewe huna kitu. Unasoma kwa kichwa. Ukikwama, anakungoja. Ukishindwa, anakupa neno moja, unaendelea. Kesho unaanza ulipokwamia. Tulikuwa tunakwenda "kusikilizwa".

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lao. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, halafu mara tatu likafunika na kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma na kurudia walishinda. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: wale waliojisikiliza wenyewe walikumbuka kama asilimia 61, wale wa kusoma na kurudia kama asilimia 40. Na uzuri wa jambo lenyewe ni kwamba waliosoma na kurudia ndio waliojiamini zaidi. Ndiyo maana mtoto anakesha na kalamu za rangi, anapaka mistari ya njano, anatoka chumbani ameridhika, na mtihani unamkana.

Kwa hiyo shika daftari. Wewe ndiye mwalimu wa chuoni. Mwambie aandike maswali upande mmoja wa kadi na majibu upande wa pili. Unasoma swali, hata ukilitamka vibaya. Mwanangu wa pili alikuwa anacheka nikitamka majina ya sehemu za seli mpaka machozi yanamtoka, lakini hayo niliyoyaharibu ndiyo hakuyasahau. Akijibu, unaangalia kama maneno yanafanana. Huhitaji kujua maana. Na ukitaka kumtia kwenye mtego mzuri zaidi, mwambie akufundishe kwa Kiswahili. Jioni moja aliniambia mimea inatengeneza chakula kwa mwanga, nikamuuliza sasa usiku inakula nini? Akanyamaza. Akaenda kutafuta. Tulikaa na usanisinuru mpaka saa 4 usiku, na mboga ikaungua.

Dakika 20 jioni zinatosha. Zisiwe saa tatu, zisiwe hotuba. Na zisiwe saa 6 za usiku, kwa sababu kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mwili wake wenyewe unamchelewesha kulala. Si uvivu wote ule mnaouona asubuhi.

Halafu tazameni saa za binti zenu. Nitalisema hili na baadhi yenu mtanuna. Katika nyumba nyingi kijana wa kiume mwenye mtihani anapelekewa chakula chumbani, na dada yake mwenye mtihani huohuo ndiye anayekipeleka. Wageni wakija ni yeye, wadogo wakitoka shule ni yeye. Hesabuni saa zake za wiki moja tu, kwa kalamu. Sitaongeza neno hapo.

Na mtoto akibadilika, akaacha kula, akaacha kutoka, akaanza kusema maneno kama "mngekuwa na raha nisingekuwepo", msimwombee tu. Mwombeeni na mpelekeni kwa daktari wa familia siku hiyohiyo. Simu ya msaada ya watoto, Childline, ni 0800 1111, na ya mtu yeyote, Samaritans, ni 116 123, bure, usiku na mchana. Andikeni namba hizo sasa, nitasubiri.

Kuna jambo nimesita kama nilizungumze. Nimemuuliza mwanangu, ameniruhusu.

Mama yangu alifariki mwezi Mei, mwanangu huyo wa pili akiwa katikati ya mitihani yake. Nyinyi mnajua msiba wetu, hata ukiwa maili elfu nne mbali. Simu, watu, mikeka, jikoni hapazimiki. Tukakaa kikao cha familia. Ikaamuliwa asiambiwe mpaka amalize. Kila mtu mzima mle ndani aliona ni busara, na mimi nilikubali. Watu wakaambiwa waje kunipa pole kwa dada yangu, si kwangu. Nilikuwa namwandalia uji asubuhi namwambia bibi anakusalimia.

Siku ya sita aliona picha ya bibi yake kwenye Facebook, imewekwa na binamu yake wa Tanga, na maneno ya rambirambi chini. Alikuwa kwenye basi, anakwenda kwenye mtihani. Aliingia, akaufanya, akarudi nyumbani, akaniuliza swali moja: salamu zile za asubuhi, nilikuwa nazitoa wapi?

Sina jibu mpaka leo. Ila nilikwenda shuleni siku ya pili yake nikiwa nimevimba macho, na nikaambiwa jambo ambalo ningeambiwa siku ya kwanza kama ningesema. Mtahiniwa aliyefiwa, aliyeugua au aliyepatwa na jambo zito, shule humwombea kwa bodi ya mitihani kuzingatiwa kwa namna ya pekee. Wanaweza kuongeza alama kidogo kwa kadiri ya uzito wa tukio, na haizidi asilimia 5 ya alama za karatasi. Ni ndogo, lakini wapo wanaopishana na daraja kwa alama mbili. Na zaidi ya alama, walimu wanajua, kuna mtu wa kumtazama akiingia na akitoka. Anayeomba ni shule, na shule haiwezi kuomba kwa jambo isilolijua. Hivyo hivyo mtoto mwenye tatizo la kusoma au la kuandika anaweza kupewa muda wa ziada, mara nyingi robo ya muda wa karatasi, lakini hilo linahitaji kupimwa na ushahidi, haliombwi wiki ya mtihani. Tabia yetu ya "mambo ya ndani yasitoke nje" inawanyima watoto haki zao.

Kumwambia mtoto au kutomwambia msiba, kila familia itaamua. Mimi ningemwambia.

Sasa fedha, kisha nikae. Ada ya chuo kikuu hapa England kwa mwaka wa masomo 2025/26 inafika pauni 9,535. Hulipi mfukoni, mtoto anakopa Student Finance, yaani mkopo wa serikali wa wanafunzi. Anayeanza sasa analipa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 za mapato yake ya mwaka. Akipata 30,000, kilichozidi ni 5,000, kwa hiyo analipa 450 kwa mwaka, kama 37 na nusu kwa mwezi, zinakatwa kwenye mshahara. Asipofika 25,000 halipi kitu. Baada ya miaka 40 kinachobaki kinafutwa. Mkopo wa kujikimu unategemea kipato cha nyumba: chini ya 25,000 anapata kiasi kamili, kikipanda kinapungua. Kwa hiyo mzazi lazima ujaze kipato chako. Kuna watoto wanaopata kidogo kwa sababu baba hataki serikali ijue mshahara wake. Serikali inaujua, baba. Ndiyo inayokukata kodi.

Ndugu Waislamu, najua suala la riba. Sheria ya 2017 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha mpango mbadala usio na riba, na mpaka nasimama hapa mpango huo haujaanza. Wanazuoni wametofautiana kuhusu mkopo uliopo, muulizeni mnayemwamini, na muulizeni mapema, si Agosti.

Na makaratasi. Hili ndilo linalowaliza watu. Mtoto amekulia hapa, amesoma hapa tangu darasa la kwanza, anafika kuomba mkopo anaambiwa hastahili kwa sababu kibali chake ni cha muda. Binti mmoja mzaliwa wa Zambia, aliyeletwa hapa 2001 akiwa na miaka 6, alikataliwa hivyo hivyo. Akaenda mahakamani, na Julai 2015 Mahakama ya Juu ikampa haki, majaji watatu dhidi ya wawili. Ni kesi ya Tigere. Kutokana nayo kanuni zilibadilishwa: aliye chini ya miaka 18 awe ameishi hapa miaka 7, aliyefikisha 18 awe ameishi nusu ya umri wake au miaka 20, na vyote hivyo pamoja na miaka 3 ya ukaazi halali kabla ya kozi kuanza. Fungueni mikoba, tazameni vibali vinaisha lini. Kama kinaisha mwakani, mwoneni mwanasheria mwezi huu. Mtoto akifikiri ana kibali kumbe hana, asilijue siku ya matokeo.

Akishaingia chuo, mkipiga simu kuuliza maendeleo yake, hamtaambiwa kitu. Hata UCAS hawatazungumza nanyi mpaka mtoto aandike jina lenu kwenye fomu kuwa anawaruhusu. Mwombeni ruhusa hiyo kwa adabu. Nilipomwomba wa kwanza alifikiri siku mbili.

Wa mwisho wangu yuko darasa la 12, kadi zake za jiografia ninazo hapa mkobani, tuna miadi saa 2 usiku kuhusu mmomonyoko wa pwani. Kwa hiyo maswali yawe mafupi. Na wale wanne wa tiketi, shemeji yangu akiwemo, tukutane pale kwenye meza ya mlangoni na namba zenu za safari. Baadhi ya mashirika hubadilisha tarehe kwa faini, na faini ya leo ni ndogo kuliko ya mwezi Mei.